Tumehamia Dar na mke wangu, kila mwezi 109,600 haijulikani inakoenda. Tusaidieni kuitafuta

#1 MtuWaIgurusi
Wakuu salama? Niende moja kwa moja.

Mimi na mke wangu tumehamia Dar mwezi wa pili mwaka huu tukitokea Mbeya. Tuna mwaka na nusu kwenye ndoa, mtoto bado. Kule nilikuwa natunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanjelwa nalipwa 380,000. Hapa nimepata kazi ya stoo hiyohiyo kiwandani, barabara ya Nyerere huku Vingunguti, mkononi napokea 650,000. Tumepanga Goba, chumba masta na sebule na jiko dogo.

Sasa shida iko hapa. Mbeya kwa ile 380 kibubu kilikuwa kinakula themanini mpaka laki kila mwezi na wala hatukuwa tunajibana, nyama tunakula, Jumapili tunatoka. Hapa na 650 ikifika tarehe 20 tunaangaliana. Mke wangu anasema mfuko wangu umetoboka, mimi nasema genge la hapa linatupiga, ikafika siku mbili tunasalimiana tu kama wapangaji. Tukakubaliana tununue daftari, mwezi mzima kila kinachotoka kiandikwe. Mwezi umeisha jana, hesabu hii hapa.

Kodi 150,000 (tunaiweka pembeni maana baba mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo), nauli yangu gari mbili kwenda gari mbili kurudi 2,400 kwa siku 26 inakuja 62,400, chakula cha nyumbani chote 190,000, gesi na mkaa 35,000, LUKU 20,000, maji na taka na ulinzi 18,000, msosi wa mchana kazini 2,500 mara 26 ni 65,000. Jumla 540,400.

650,000 toa 540,400 inabaki 109,600. Hiyo 109,600 haipo kwenye kibubu, haipo kwenye simu, haipo benki. Daftari halina hata mstari unaoitaja. Naomba wale mlioanza maisha Dar mkiwa wawili mniambie, hela hii inapotelea wapi?

#2 KondaMstaafu
Nimewahi siti ya dirishani. Karibu mjini.

#3 Chuma_cha_Pua
Mkeka. Uzi ufungwe.

#4 BintiKiluvya
#3 we nae kila kitu mkeka hahaha. Kaka mleta uzi mimi nina swali moja tu, chakula cha nyumbani 190,000 mnanunuaje? Mnajaza mchele wa mwezi au mnapima dukani kwa Mangi?

#5 MtuWaIgurusi
#4 tunapima. Mchele kilo mbili mbili, mafuta ya kula ya kupima, sukari robo, nyanya fungu, mkaa kopo. Tarehe za mwanzo tunasema tutanunua jumla mwezi ujao.

#3 mkuu sibeti. Nabeti lakini sio kubeti kile unachofikiria.

#6 Chuma_cha_Pua
"Nabeti lakini sio kubeti." Naomba mtu aniwekee fremu hii sentensi.

#7 BintiKiluvya
Haya kaka sikia. Mjini mwenye hela ndogo ndo ananunua kwa bei kubwa. Hayo mafuta ya kupima ukiyajumlisha mpaka yafike lita tano utakuta umempa Mangi hela ya dumu na chenji juu. Mkaa wa kopo hivyohivyo, gunia unaliona ghali kumbe unalinunua mara moja na nusu kidogo kidogo. Mimi na mume wangu tulipoanza pale Mbezi Luis mwaka wa kwanza tuliishi hivyo, siku mama alipotuma gunia la mchele kutoka Ifakara ndo tukajua tulikuwa tunapigwa. Nunua jumla.

#8 Karani_wa_Uzi
#7 ushauri mzuri lakini hiyo iko ndani ya 190,000, tayari imeandikwa. Kinachotafutwa hapa ni 109,600 ambayo HAIKUANDIKWA. Tusichanganye mafaili. Mimi nitakuwa naweka hesabu, mtu akigundua kitu ataje na kiasi.

#9 FundiUmemeTegeta
Hapo kwenye LUKU mleta uzi, mita ni yenu peke yenu au mnachangia?

#10 MtuWaIgurusi
Tunachangia nyumba tano, kila nyumba 20,000. Mbeya nilikuwa na mita yangu, elfu tisa na kitu mwezi unaisha nayo.

#11 FundiUmemeTegeta
Umejijibu. Mbeya ulikuwa kwenye daraja la D1 lile la watumiaji wadogo, unit shilingi 100, ukiweka makato ya asilimia, VAT 18, REA ya umeme vijijini 3 na EWURA ya mdhibiti 1, inakuwa 122, kwahiyo unit 75 unazichukua kwa 9,150. Masharti ni usizidi hizo 75 kwa mwezi. Sasa nyumba ya wapangaji watano wenye friji na feni na pasi itakaaje chini ya 75? Haiwezekani, mmekaa kwenye daraja la kawaida T1, unit shilingi 292, ukiongeza makato yale yale inagonga 356, ndo maana elfu kumi mnapewa unit 28 tu. Umeme uleule, waya uleule, mnalipa karibu mara tatu kwa sababu mnachangia mita.

#12 Mpemba_Kariakoo
#11 si unit 50 kwani?

#13 FundiUmemeTegeta
Hamsini ilikuwa zamani. Ni 75.

#14 Mwl_Kigogo
Na humo kwenye LUKU kuna elfu moja ya kodi ya jengo inakatwa kila mwezi.

#15 BintiKiluvya
#14 mwalimu elfu moja ilikuwa ilipoanza Agosti 2021, tangu Julai 2023 ni 1,500. Na kodi ni ya mwenye jengo sio ya mpangaji, ila nenda kamdai baba mwenye nyumba hiyo 1,500 uone kesho utaamkia kwa dalali gani.

#16 Karani_wa_Uzi
Narudia, LUKU imeandikwa. 109,600 bado haina baba. Mpaka sasa tumepata sifuri.

#17 Boda_wa_Njiapanda
Mimi niko kijiweni Goba. Mleta uzi ulisema gari mbili kwenda mbili kurudi, sawa. Kutoka kituoni mpaka kwako unatembea?

#18 MtuWaIgurusi
Asubuhi natembea. Jioni... kuna giza na kale kakilima. Boda buku.

#19 Boda_wa_Njiapanda
Buku mara 26. Elfu 26 hiyo haipo kwenye daftari. Asante kwa kutuunga mkono, watoto wetu wanasoma.

#20 Karani_wa_Uzi
26,000. Ya kwanza. Endeleeni.

#21 Dada_Mhasibu
Kazi yangu ni kutafuta hela za watu wengine zilizopotea so ngoja nisaidie. Bando la simu, lako na la mke wako? Sabuni, dawa ya meno, mafuta ya kupaka, pedi, saluni, kinyozi? Hela unatoa kwa wakala mara ngapi kwa wiki na shilingi ngapi kila ukitoa? Wanaume mkiandika matumizi mnaandika vitu vyenye majina makubwa tu, kodi, nauli, gesi. Vidogo mnaona aibu kuviandika.

#22 MtuWaIgurusi
#21 dada shikamoo. Bando mimi 15,000, yeye kama 10,000. Vya kuogea na kupaka elfu ishirini hivi. Kutoa hela kweli mshahara unaingia benki nauvuta kwenye simu halafu natoa elfu kumi kumi, makato sijawahi kuyajumlisha.

#23 Dada_Mhasibu
Marahaba japo sio mzee kiasi hicho. Elfu kumi kumi ukitoa kila siku mbili na uhamisho wa benki juu yake weka elfu 12 kwa mwezi, na hapo nimekuhurumia.

#24 Karani_wa_Uzi
26 + 25 + 20 + 12 = 83,000. Tumebakiza 26,600 tufunge kesi.

#25 MzeeWaMagomeni
Vijana mna mambo. Mimi nimeingia jiji hili 1981 na mke wangu tukitokea Kilosa, tukapanga chumba kimoja Magomeni Mapipa, nyumba ya Kiswahili vyumba sita korido katikati choo uani, kodi unalipa mwezi kwa mwezi mkononi kwa bibi mwenye nyumba na ukichelewa anakuuliza kwa upole kama mmekula. Mwaka 83 mimi mshahara nilikuwa nao, shida hakuna cha kununua, sukari foleni, sabuni foleni, Waziri Mkuu Sokoine anawasaka walanguzi, ukipata kipande cha khanga unakificha chini ya godoro. Mke wangu alikuwa akimaliza kupika uani majirani watatu wameshaonja, na yeye ameonja vyungu vitatu. Sisi tulitafuta vitu, nyie mnatafuta hela. Sijui wapi afadhali.

#26 KondaMstaafu
Shikamoo mzee. Enzi hizo nauli mlikuwa mnalipa dala?

#27 MzeeWaMagomeni
Marahaba. Mabasi yalikuwa ya UDA, shirika la usafiri la Dar, yale marefu yanayojikunja katikati tukiyaita kumbakumba. Hayatoshi, watu wananing'inia mlangoni kama popo. Magari ya watu binafsi yalikuwa yanabeba kwa kujificha, yaliporuhusiwa 83 nauli ikawa shilingi tano, sarafu yake tunaiita dala, basi konda anapiga kelele dala dala dala. Jina likabaki mpaka leo nauli haina uhusiano wowote na dala.

#28 Mwl_Kigogo
Mzee ungeanzisha uzi wako tukae hapo mpaka asubuhi.

#29 Shemeji_wa_Rongai
Habari za huko ndugu zetu. Sisi huku Nairobi tunashangaa sana hii story ya kodi miezi sita. Hapa unaweka depoziti ya mwezi mmoja, halafu unalipa rent kila mwezi kabla ya tarehe tano, ukichelewa keateka, yule msimamizi wa nyumba, anafunga mlango na kufuli lake. Lakini usifikirie tuko sawa. Mimi na bibi, yaani mke wangu, tulianzia bedsita ya chumba kimoja mtaa wa Pipeline, maji yanakuja mara mbili kwa wiki, jua hamna, taa inawaka mchana kwa sababu gorofa ya jirani iko hapo unaweza kuigusa kutoka dirishani. Tukahamia Rongai ndio tupate hewa, sasa mvua ikinyesha tu matatu zinapandisha fare mara mbili. Hiyo 109,600 yenu mimi nasema imeenda kwa mvua.

#30 BintiKiluvya
#29 keateka anafunga na kufuli lake? Basi baba mwenye nyumba wangu ni malaika.

#31 Mpemba_Kariakoo
Mimi naona mnazunguka. Ni joto. Msicheke. Mbeya mnalala na blanketi mbili, mchana unatembea Mwanjelwa mpaka Soweto hutoki jasho, maji ya kunywa ni ya bomba unachemsha yanakaa wiki. Ukija Dar feni usiku kucha, friji lazima maana mboga haifiki jioni, ukishuka kwenye gari unanunua maji baridi, ukipita kwa muuza miwa unasimama, kakilima ambako Mbeya ungekapanda unaimba hapa unaita boda. Mtu wa nyanda za juu akija pwani joto linamla hela kabla hajazoea. Mimi kwetu pwani, mchana natulia kivulini, jioni ndo natoka.

#32 Chuma_cha_Pua
#31 Yaani mtu alale kivulini apate hela hahaha ndo maana mna maduka yote Kariakoo. Kasome uzi tuendelee.

#33 Mpemba_Kariakoo
Cheka ila jibu.

#34 Mzaramo_OG
Tatizo la mleta uzi ni ramani. Nani alikushauri ukae Goba ufanye kazi Vingunguti? Kuna Kiwalani, Kipawa, Tabata, Segerea, Kinyerezi, yote hayo gari moja au miguu. Wewe unaamka unavuka jiji zima unapita Mawasiliano unabadilisha unakaa foleni ya Mandela halafu unarudi hivyohivyo. Saa nne kwa siku barabarani, mtu wa namna hiyo lazima ale nje na apande boda maana akifika hana nguvu hata ya kuchuma tembele.

#35 MtuWaIgurusi
#34 mkuu dalali. Tulifikia kwa binamu yangu Makongo, dalali akatuonyesha nyumba tano siku moja, kila nyumba elfu kumi ya usumbufu, ya Goba ndo ikawa nzuri na ina hewa. Alituambia "Vingunguti hapo tu".

#36 KondaMstaafu
Dar kila mahali ni hapo tu mpaka ushushwe.

#37 Mwl_Kigogo
Au ahamie Kimara apande mwendokasi mpaka Kariakoo, ipo toka 2015.

#38 KondaMstaafu
Mwalimu mabasi yalianza kubeba watu Mei 2016, nauli 650. Mimi ndo nilikosa ajira siku hiyo, naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu.

#39 Nesi_wa_Zamu
Mimi ninachokiona hakuna aliyekitaja. WAGENI. Mwaka wetu wa kwanza tulipoolewa tukapanga Kigogo tulipokea watu wanne, wawili wamepewa rufaa ya Muhimbili, mmoja Ocean Road, mmoja alikuja "kutembea" akakaa miezi mitatu anatafuta kazi. Huwezi kumwambia mjomba alale stendi. Ukikaa Dar na una godoro la pili wewe ni nyumba ya wageni ya ukoo mzima. Na asiyekuja anapiga simu. Mleta uzi nyumbani unatuma shilingi ngapi?

#40 MtuWaIgurusi
#39 natuma. 30,000. Wageni bado isipokuwa shemeji yangu alikaa wiki mbili.

#41 Dada_Mhasibu
Na michango? Kadi za harusi, send-off, kipaimara?

#42 MtuWaIgurusi
Kazini mwezi huu kulikuwa na send-off ya mwenzetu, 40,000.

#43 Chuma_cha_Pua
Sasa tumalizie na ile ya "sio kubeti kile". Shilingi ngapi?

#44 MtuWaIgurusi
Jero kwa siku. Ya burudani.

#45 Karani_wa_Uzi
Jero mara 26 ni 13,000. Haya wakuu kaeni chini. Boda 26, bando 25, vya kuogea 20, makato 12, nyumbani 30, michango 40, mkeka 13. Jumla 166,000.

Tulikuwa tunatafuta 109,600. Tumeipata na imezidi 56,400. Mleta uzi kwa hesabu za uzi huu wewe unatumia hela ambayo hujawahi kulipwa.

#46 KondaMstaafu
Nimecheka mpaka abiria wangu wa kufikirika wameshuka.

#47 Nesi_wa_Zamu
Kausha damu. Kachukua mkopo wa kausha damu hajasema.

#48 MtuWaIgurusi
Sijachukua mkopo wowote. Naapa. Sasa hata mimi sielewi.

#49 BintiKiluvya
Una deni kwa Mangi?

#50 MtuWaIgurusi
...

#51 BintiKiluvya
Nilijua. Kuna daftari mbili, la kwenu na la Mangi.

#52 MamaCherehani_Goba
Habarini. Mimi ndo mke wake. Kaniachia simu akaoga, nimesoma yote mpaka #51, nimeamua nijiunge.

Kwanza boda sio siku 26, ni siku za mvua na zile anazochelewa, mimi huwa nahesabu miungurumo getini, mwezi huu zilikuwa 13. Pili hiyo 30,000 hajatuma mwezi huu, alituma mwezi uliopita, kajisahau au anataka sifa. Tatu deni la Mangi ni 31,500 na sio mimi niliyeanzisha, yeye ndo alichukua vocha na sigara ya rafiki yake.

Lakini la nne ndo nataka mlisikie. Mume wangu anasema Mbeya tulikuwa tunaweka laki kwa mshahara wa 380. Sio kweli. Mimi ni fundi cherehani. Mbeya nilikuwa na kibanda Soweto, sare za shule, vitenge vya harusi, wiki ya shule kufunguliwa nalala saa saba. Mboga ilikuwa hela yangu, mafuta hela yangu, sabuni hela yangu, umeme nanunua mimi bila hata kumwambia. Mchele ulikuwa unatoka Igurusi kwa mama yake, ndizi na maparachichi Tukuyu kwetu, maharage yanashuka na basi. Ndo maana 380 yake ilikuwa inabaki. Tumekuja hapa cherehani iko kwenye mfuko wa sandarusi uvunguni kwa sababu sina wateja wala fremu, na mchele wa Igurusi tunaununua Goba kwa kupima. Halafu naulizwa hela inakwenda wapi.

#53 Dada_Mhasibu
Wifi nakusalimia ukiwa umekaa. Umefunga mjadala.

#54 Karani_wa_Uzi
Haujafungwa. Nimerekebisha. Boda 13,000, nyumbani toa, jumla inashuka mpaka 123,000. Bado inazidi 109,600 kwa 13,400. Deni la Mangi 31,500. Ina maana kuna 18,100 imeongezeka upande mwingine wa mzani sijui imetoka wapi. Daftari halifungi.

#55 Mzaramo_OG
Shemeji maelezo yako ni mazuri sana lakini hayaelezi kwa nini Dar hela haikai. Yanaeleza kwa nini Mbeya ilikaa. Ni vitu viwili. Nasisitiza ramani, hameni Goba.

#56 Dada_Mhasibu
#55 kwani tofauti ni ipi? Mtu alikuwa na vipato vitatu, mshahara, cherehani na gunia la mama mkwe. Kabaki na kimoja kilichoongezeka. 380 na cherehani na chakula cha bure unadhani ilikuwa chini ya 650?

#57 Mzaramo_OG
Sasa mbona wengine tumezaliwa hapahapa, hatuna gunia la Igurusi na tunaweka akiba?

#58 Chuma_cha_Pua
#57 wewe unakaa kwenye nyumba ya baba yako Buza usitudanganye.

#59 Mzaramo_OG
Nyumba ya baba sio dhambi.

#60 MzeeWaMagomeni
Mama cherehani hongera kwa kusema. Mke wangu naye aliuza vitumbua barazani Magomeni miaka kumi na moja, na mimi nilikuwa najisifu mshahara wangu unasomesha. Nilikuja kujua alipolazwa wiki tatu, vitumbua vikasimama, na tarehe kumi nikaenda kukopa kazini.

#61 Nesi_wa_Zamu
Mzee umenitoa machozi niko zamu.

#62 Shemeji_wa_Rongai
Hapo kwa cherehani, bibi yangu huku alianza na kushona mapazia kwa gorofa yetu tu. Alibandika karatasi kwa mlango wa chini. Gorofa moja Pipeline ina watu kama kijiji. Huko kwenu hakuna gorofa lakini nyumba tano za kuchangia LUKU si ni wateja watano?

#63 MamaCherehani_Goba
#62 shemeji asante. Cherehani yangu ni ya miguu haili umeme hata wakilalamika. Ila sebule ndo hiyohiyo, wageni ndo hapohapo, na baba mwenye nyumba kasema biashara hapana.

#64 FundiUmemeTegeta
Mwambie hiyo ni hobi.

#65 BintiKiluvya
Wifi uko Goba sehemu gani? Nina vitenge vitano na fundi wangu amenikimbia na kitambaa cha Krismasi.

#66 Mpemba_Kariakoo
Vitambaa njooni kwangu, bei ya jumla. Na bado nasema ni joto.

#67 MtuWaIgurusi
Wakuu nimerudi. Nimesoma. Nimekaa kimya kidogo nje kwenye ngazi. Alichosema mke wangu kwenye la nne ni kweli, sikuwahi kukihesabu kwa sababu sikuwahi kukiona kikitoka mfukoni kwangu. Kwenye la tatu napinga, vocha ilikuwa yake.

#68 MamaCherehani_Goba
Ilikuwa ya kumpigia mama yako.

#69 KondaMstaafu
Shukeni kwa utaratibu jamani.

#70 MtuWaIgurusi
Wakuu, leo mwezi umepita toka nilete uzi, nimeona niwape mrejesho. Tumeanza kununua mchele gunia (ulitoka Igurusi, nimelipia mzigo kwenye basi mpaka stendi ya Mbezi, kisha boda mpaka nyumbani, Boda_wa_Njiapanda alinipiga elfu nne). Mke wangu kashona sare za kwaya ya mtaani, wamelipa nusu. Nauli bado ileile, Goba hatujahama maana miezi sita haijaisha. Kwa Mangi tumepunguza deni.

Daftari la mwezi huu limetoka na upotevu wa 71,300.

#71 Karani_wa_Uzi
Imeshuka. Weka mchanganuo tuipige hesabu.

#72 MtuWaIgurusi
Ndo shida mkuu. Ukurasa wa tarehe 17 umechanwa. Yeye anasema sio yeye, mimi nasema sio mimi, na ndani tunaishi wawili.

#73 Chuma_cha_Pua
Tarehe 17 palikuwa na mechi.

#74 BintiKiluvya
Tarehe 17 ndo nilimletea wifi vitenge vyangu, tukanywa soda na mishkaki. Mimi simo.